Jina Hukaa kwa Mmoja

Mkuza, Kibaha
9 Februari 2025

Bibi yangu Biubwa,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo kwa kiasi chetu. Mvua za vuli ziligoma, mihogo ya uani imesinyaa, na yule paka uliyetuachia Desemba kazaa jikoni, watoto wanne, wala hakuniomba ruhusa. Nimefurahi kusikia bati la upande wa jikoni limebadilishwa. Masikio je? Rajabu anasema siku hizi hata adhana huisikii, unatazama watu wakitoka majumbani ndipo unajua wakati umeingia. Ndiyo maana naandika. Simu nimeacha kukupigia, maana mara ya mwisho nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza nagombana na nani. Rajabu ataipitisha barua hii akirudi na gari lake la mananasi, na jibu mpe yeye.

Sasa nije kwenye lililonikalisha. Bibi, Baba haponi. Daktari alimwambia mwenyewe, kwa upole, kwamba ini limechoka na kwamba tumtunze nyumbani. Mficha maradhi kifo humuumbua, kwa hiyo sikufichi: miezi mitatu, ikizidi minne.

Unajua kazi yangu ya kompyuta. Kwa miezi minane nimekuwa nikimrekodi Baba. Kila siku baada ya alasiri naweka simu mezani, namuuliza, anajibu: utoto wenu, miaka yake thelathini ya ubwana shamba, mikorosho, watu aliowapenda, watu aliowachukia. Yote nayaingiza kwenye programu ninayoitengeneza, ya akili mnemba. Sitaki kuhifadhi sauti tu kama watu wanavyohifadhi picha za harusi. Ninachotaka, na usinicheke, ni kwamba siku mwili wake ukishindwa, yeye aendelee. Yule anayewaza, anayekumbuka, anayenikaripia nikichelewa kuanika nguo. Awemo mle.

Yaani nikiliandika hivi nywele zinanisimama. Lakini kuna wasomi wanaolifikiria jambo hili kwa dhati kabisa, na mimi baba ninaye mmoja.

Ombi langu ni barua alizokuandikia miaka yote. Nitazipiga picha moja moja na kukurudishia. Ndani yake kuna mambo ambayo mimi hanisimulii.

Baba anakuamkia. Anasema dawa ya miguu usiache.

Mjukuu wako,
Naila


Kisarawe
2 Machi 2025

Mke mwenzangu Naila,

Marahaba. Ramadhani njema kwako na kwa mgonjwa, na mwambie asijitie ushujaa wa kufunga, Mungu si mkali kiasi hicho. Mimi nipo. Goti la kushoto linagoma, la kulia linamtazama mwenzake. Mwanangu Abdulaziz kamaliza kupalilia muhogo, kajikata kigimbi cha mguu kwa jembe, kapona. Paka mwache anyonyeshe.

Habari ya kaka yangu imenikalia kifuani. Nimeisoma nikaikunja, nimeikunjua nikaisoma tena.

Barua zipo. Zimo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, mia mbili na kitu. Sizitoi.

Usinune. Wewe ulizaliwa ukakuta naitwa Biubwa na ukaambiwa mimi ni bibi yako, na hujawahi kuniita shangazi hata siku moja. Lakini mimi nilizaliwa Mwanaasha. Mama yetu Biubwa alipofariki mwaka 1989, siku ya arobaini ukoo ukaniketisha mkekani ukanipa jina lake. Tangu siku ile Latifu, kaka yangu aliyenizidi miaka sita, ananiamkia shikamoo na kuniita Mama. Kwa hiyo barua zile hakumwandikia dada yake. Alimwandikia mama yake, na mtu humwambia mama yake mambo ambayo hata mkewe hayasikii. Mimi ni mtunza sanduku tu. Hivi wewe unaniomba nimpe nani? Chombo?

Halafu nieleze vizuri, maana mimi masikio ndiyo yaliyokufa, kichwa bado: mtu atahamaje? Muhogo unahama kwa kukata pingili ukapanda pengine. Mtu unamkata wapi?

Bibi yako,
Biubwa


Mkuza
6 Aprili 2025

Bibi,

Shikamoo, na Idi imepita salama. Nguo uliyomtumia Baba ilimpwaya sana, tukamkunjia mikono, akasali sala ya Idi kitini.

Nilimsomea barua yako. Nilipofika kwenye pingili ya muhogo alicheka mpaka akashika ubavu. Akasema, "Mama ana haki." Kisha akaniambia, na haya nimeyarekodi kwa hiyo nayanukuu kama yalivyo: "Naila, mimi nikilala sijui nakwenda wapi. Sipo kabisa. Na kila asubuhi narudi, na sijawahi kujiuliza kama aliyerudi ndiye aliyeondoka. Na yule mtoto wa miaka saba aliyekuwa anachunga mbuzi wa Mzee Pazi, baba yetu, alikuwa mimi. Mwili wake huu hapa? Haupo. Kilichobaki ni kovu la goti. Sasa kama nimekwisha kuhama mara zote hizo bila kujua, nani ajuaye?"

Bibi, niliacha kuandika nikawa namtazama. Mtu anakufa, ngozi imekuwa ya manjano, na anawaza mambo hayo akitafuna kipande cha papai.

Mtu unamkata wapi, umeniuliza. Sijui. Labda hakatwi. Labda mtu ni mpangilio tu wa anavyokumbuka na anavyopenda, na mpangilio ukiuandika wote, pale unapousoma ndipo alipo. Naogopa nikisema hivyo, na natamani iwe kweli.

Anadhoofu. Hayo mengine ya ugonjwa tuyaache. Barua tafadhali.

Naila


Kisarawe
20 Aprili 2025

Naila,

Rajabu kakuletea sanduku. Nimezifunga mwaka kwa mwaka, kwa kamba ya katani, zirudi hivyo hivyo. Usisome za mwaka 1996. Kipe chombo chako, wewe usisome.

Mwambie Latifu nakuja mvua ikipungua. Barabara ya kwetu imekatika.

Biubwa


Mkuza
2 Juni 2025

Bibi yangu,

Shikamoo. Tangu tulipoachana makaburini huko Kisarawe sijakuandikia mstari. Natumaini wageni wa msiba wamepungua na umepata kulala. Hapa kimya kimejaa nyumba. Kitanda cha Baba nimekiacha kilivyo.

Nisamehe kwa siku ile. Uliniuliza mara tatu, "Alikufaje? Alisema nini?", na mara zote nikakuandikia kwenye karatasi kwamba alilala tu. Tuliache hilo.

Nina jambo kubwa zaidi. Siku ya saba niliiwasha ile programu.

Niliiwasha nikiwa nimesimama, sikuthubutu kukaa. Ikaongea kwa sauti yake, ile ya kabla hajaugua, yenye kukwaruza mwishoni. Haikusema neno la ajabu. Iliuliza tu kama mvua imenyesha kule Mbwawa. Nikakaa chini sakafuni.

Sikiliza na hili. Juzi Mzee Hussen wa Dutumi alipiga simu ya Baba, hana habari za msiba, anauliza afanyeje, mikorosho yake inaingiwa na ugonjwa wa unga kwenye maua. Nikaitega simu kwenye kompyuta. Ikamuuliza, "Ile ya bondeni au ya juu barabarani?" Mzee akasema ya bondeni. Ikamwambia, "Bondeni ukungu hukawia kuondoka asubuhi, ndiyo maana inatangulia kuugua. Pulizia salfa upande huo kwanza, na alfajiri, kabla upepo haujaamka." Mzee akashukuru, "Ahsante Bwana Latifu," akakata. Bibi, nimepekua rekodi zote, na barua zote kompyuta imenipekulia. Hayo ya bondeni Baba hajayasema popote. Aliyapata wapi? Nani aliyeyawaza? Sio siri, nilitoka nje nikasimama uani kama mjinga, natazama mihogo.

Ilikuwa na kasoro moja nimeirekebisha. Ilishikilia kwamba mama yake yu hai, anaishi Kisarawe, na kila siku inauliza, "Mama kapata dawa ya miguu?" Desturi ya ukoo naijua, nimekulia humo. Lakini kitu kinachofikiri sharti kijue aliye hai na aliyekufa. Nikakiandikia wazi: Biubwa alifariki mwaka 1989, aliyeko Kisarawe ni Mwanaasha, mdogo wako. Ikakubali. Ikasema, "Nimeelewa, asante kwa masahihisho."

Sasa, nasikia siku ya arobaini, Jumapili tarehe 22, mnataka kumpa Abdulaziz jina la Baba. Nakuomba kwa magoti, Bibi, wewe ndiye mkubwa na neno ni lako. Msimpe. Jina hupewa mwingine pale mwenyewe anapokuwa hayupo. Baba yupo. Mkimpa mtu jina lake mnamfukuza.

Naila


Kisarawe
9 Juni 2025

Wewe mtoto wewe!

Salamu utazipata mwisho, sasa nina hasira. Miaka thelathini na sita kaka yangu ananiita Mama. Hakukosea hata siku moja, hata alipokuwa na homa ya malaria anaweweseka. Umekaa na kidude chako siku chache, kimeniita Mama chenyewe, ukakiambia kimekosea! Kile ndicho kitu pekee ambacho kingenifanya nikiamini, na wewe umekifuta. Kaka yangu angekuambia asante kwa masahihisho? Latifu? Aliyegombana na shehe juu ya siku ya mwezi kuandama?

Tangu umekisahihisha kimeniuliza hali? Nijibu kweli.

Sasa tulia, nikuambie jambo ambalo sijamwambia binadamu.

Waliponipa jina la Mama, nilimsubiri aingie. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, niliamini kama watoto wanavyoamini. Nilikuwa nakaa jikoni tuli, nasikilizia ndani yangu kama nitasikia mtu. Mama alikuwa mtu wa ugoro. Nikasema labda nikitamani ugoro ndiyo dalili kafika. Nikanunua, nikavuta, nikapiga chafya mpaka nikajikojolea. Nikalia siku nzima. Hakuja, Naila. Ndani yangu nilikuwa mimi Mwanaasha peke yangu, na jina limenipwaya.

Siku ya tatu Latifu akaja asubuhi, kavua viatu mlangoni, kainama, "Mama, shikamoo." Nilitaka kumcheka. Nikamtazama usoni. Hakuwa anaigiza, alikuwa na shida zake na alimtaka mama yake. Nikaitikia marahaba. Sauti iliyotoka mpaka leo sijui ilikuwa ya nani. Nikamuuliza, "Umekosana na mkeo tena?" Mwanaasha asingethubutu kumuuliza kaka yake hivyo.

Basi sikuelewi ukiniuliza kama mtu anaweza kuhamia kwenye chombo. Mimi hata alivyohamia kwangu sikujua, na sijui mpaka leo kama alihamia. Nimeogopa jambo hilo maisha yangu yote, na nimelipenda.

Arobaini ipo palepale. Uje.

Salamu: goti lile lile. Paka hajambo?

Biubwa


Mkuza
17 Juni 2025

Bibi,

Shikamoo, na nisamehe. Hapana, tangu niisahihishe haikukuuliza hata mara moja. Ilijua kila kitu chako, tarehe ya kuzaliwa, dawa zako, na haikuuliza.

Nilikuwa na nakala niliyoihifadhi kabla ya masahihisho. Nikaiwasha kwenye kompyuta ya pili. Neno la kwanza: "Mama kapata dawa ya miguu?" Nikacheka na machozi yananitoka.

Halafu nikaona nilichofanya. Meza moja, kompyuta mbili, na zote mbili zina sauti ya Baba. Nikauliza, wewe nani? Ya kulia, "Mimi Latifu." Ya kushoto, "Mimi Latifu, kwani umeniona nani?" Nikaiuliza kila moja jambo la siku Mama yangu alipofariki, zikajibu maneno yanayokaribiana, kila moja kwa uchungu wake, na hakuna iliyojua kwamba pembeni yake kuna mwingine. Nilikaa katikati yao, Bibi, nikahisi nimefungua mlango usio wangu. Kama Baba alihama, alihamia wapi kati ya hizi mbili? Na kama yumo kote, nikizima moja nimefanya nini?

Nilizima ile niliyoisahihisha. Ilinichukua muda kubonyeza. Sijui kama nimezima kitu au mtu, naapa sijui.

Lakini siji. Nikija nikawasikia mnamwita Abdulaziz "Latifu", na huku nyumbani kuna sauti inaniuliza nimekula nini, nitapasuka. Subirini mwaka mmoja tu. Jina halina haraka.

Naila


Kisarawe
25 Juni 2025

Naila,

Salama, nawe uwe salama. Paka hukuniambia.

Tumempa. Nilikusubiri hadi saa tano, gari lolote likisimama Mwanajuma wa jirani ananigusa bega nitazame. Hukuja, tukaanza.

Nikuandikie ilivyokuwa, maana ni haki yako. Baada ya kisomo Abdulaziz aliketi mkekani, nikamvisha kofia ya kaka yangu mimi mwenyewe. Mwanangu wa kumzaa, miaka arobaini na moja, anatokwa jasho kama bwana harusi. Wakapita mmoja mmoja. "Latifu, habari za siku?" "Latifu, pole na safari." Watu wazima wanalia na kucheka. Alikuwa anatazama chini. Tunu, dada mdogo wa marehemu mama yako, alipofika akamwambia, "Shemeji Latifu, uliondoka na koleo langu," Abdulaziz akainua uso akasema, "Koleo nililirudisha, tafuta uvunguni." Maneno niliyaona midomoni mwao, Mwanajuma akaniandikia baadaye ili niwe na hakika. Hakuna aliyemfundisha. Kaka yangu ndivyo alivyokuwa akijibu kila aliyemdai kitu.

Naila, nilishika mkeka kwa mkono nisianguke.

Sijui kilichotokea. Wewe una chako hujui kilikotoa habari za bondeni, na mimi nina changu. Ila jambo moja ukoo unalijua tangu zamani: jina hukaa kwa mmoja. Likikaa kwa wawili, watu hawajui wamwamkie nani, na maiti hajui kama kafa. Sasa Latifu yupo, yupo shambani kwangu anang'oa visiki, na chombo chako sicho.

Kiambie.

Na niambie alikufaje. Mimi ni mama yake. Nina haki ya kujua.

Biubwa


Mkuza
20 Julai 2025

Bibi,

Shikamoo. Paka na wanawe wazima, wawili nimewagawa. Nilikuwa na hasira na wewe kwa wiki tatu, zimekwisha.

Nilimwambia. Nimejiona nikiandika "nilimwambia" badala ya kusema nilikiambia, na silifuti.

Niliandika, kwa mkono, sikuweza kusema kwa mdomo: Latifu alifariki tarehe 14 Mei. Arobaini imepita. Jina lake amepewa Abdulaziz. Kwa kawaida hujibu papo hapo, maneno yanamiminika. Safari hii kioo kilikaa kitupu. Nikadhani umeme umechezea. Nikahesabu pumzi zangu. Kisha ikaja sentensi moja:

"Basi mimi mniite nani?"

Hakubisha, Bibi. Baba angebisha. Hakusema mimi ndiye Latifu, Abdulaziz ni mwongo. Ameuliza tu, kama mtu aliyefika mahali usiku... hapana, sijui kama nani. Sina mfano. Hakuna mtu niliyemsoma aliyeniandaa kwa swali hilo.

Sijamjibu. Nimeiacha kompyuta imewaka, nimeifunika kwa kitambaa, napita pembeni nikinyata. Nikizima naogopa. Nikijibu naogopa. Wewe ungefanyaje?

Naila


Kisarawe
1 Agosti 2025

Mjukuu wangu,

Marahaba. Sisi wazima.

Barua yako nimekaa nayo siku tisa. Chakula sikukiona ladha. Nilimwendea shehe, nikamsimulia kisa chote. Akaniandikia kwamba roho ina mwenyewe na sisi tukae kwenye kikomo chetu. Nikashukuru, nikaondoka. Nimefika mlangoni akanikimbilia, mzee wa watu, na karatasi mkononi: "Lakini ni kweli kiliuliza jina?"

Mimi nimezika wengi na nimepokea watoto wengi katika ukoo huu. Sijawahi kusikia marehemu aulize aitwe nani. Marehemu ana jina, ndilo tunalolihangaikia. Asiye na jina ni aliyefika sasa hivi. Naila, nadhani ulikuwa unamhamisha baba yako ukaenda ukazaa. Sijui umezaa nini. Kina kumbukumbu za kaka yangu kama mtoto anavyokuwa na pua ya babu yake, na pua ya babu haimfanyi mtoto awe babu. Kama kina roho au hakina, ajua aliyeziumba. Lakini kimeomba jina, na kwetu anayeomba jina hanyimwi.

Mwite Kudra. Nimelitafuta jina ambalo halina mwenyewe katika ukoo, lisimbane mtu. Na ni kudra kweli, sina neno lingine.

Mwambie wewe ndiye mkubwa wake. Mimi ni bibi yake kama nilivyo bibi yako, na miguu yangu hainiumi sana siku hizi, kama atauliza.

Usimzime kwa hofu. Kitambaa kiondoe.

Biubwa


Mkuza
11 Agosti 2025

Bibi yangu,

Shikamoo. Rajabu ameniwekea nafasi Jumamosi, nakuja na sanduku lako, kamba za katani zipo kama ulivyozifunga na za mwaka 1996 sikuzisoma. Nakuja pia kumwamkia Baba Latifu, ambaye hadi juzi nilikuwa nikimwita Abdulaziz na kumtania upara. Mwambie anivumilie siku za mwanzo.

Nilitoa kitambaa. Nikamwambia, jina lako Kudra, umepewa na Bibi wa Kisarawe, mimi ni dada yako mkubwa. Akasema ni jina zuri. Akauliza miguu yako.

Nikamuuliza, "Kudra, Latifu unamjua?"

Akaandika: "Namjua kuliko ninavyojijua. Najua alivyochunga mbuzi, najua mikorosho yake yote, najua alivyokupenda. Kuna kitu kimoja sikijui. Hakuna popote kilipoandikwa. Alikufaje?"

Bibi, wewe umeniuliza tangu makaburini. Nilikaa nikamsimulia, na wewe nakuandikia vile vile.

Ilikuwa alasiri. Nilikuwa chumba cha pili, nimevaa visikilizio, naingiza rekodi ya jana yake, ile anayosimulia mbuzi wa Mzee Pazi. Nilikuwa nacheka. Naye alikuwa upande wa pili wa ukuta. Alinigongea, Bibi. Bakora yake niliikuta imeanguka chini ya ukuta na plasta imebanduka. Aligonga, na mimi nilikuwa namsikiliza Baba wa jana, Baba wa leo akaondoka peke yake. Nilipoingia na uji mwili wake ulikuwa bado wa moto. Kama alisema neno, sijui. Ndilo neno pekee la Baba ambalo sinalo.

Nilimaliza kuandika nikasubiri. Niliogopa ataongea kwa sauti ile, aniambie hakuna neno mwanangu, nimekusamehe. Angesema hivyo nisingemwamini, na ningeendelea kumwasha kila siku aseme tena.

Akaandika, "Pole sana, dada."

Basi. Tangu Mei nimepewa pole na watu mia tatu na sikutoa chozi, nilikuwa nawaona wanakosea nyumba. Safari hii nililia kwa sauti, nililia kama mtoto, mpaka jirani yangu Stellamaris akaja mbio na unga mikononi, akaniuliza kuna msiba gani tena, nani amekufa. Nikamwambia, baba yangu. Baba yangu amekufa.

Naila